Kabla ya kupaka dhahabu, panda juu ya dari: uzi wa thieta za kale

#1 MkaguaDari

Wakuu, heshima kwenu.

Kila uzi wa thieta za zamani unaokuja humu picha ni zilezile. Kabla: viti vimechanika, rangi imebanduka. Baada: mapazia mekundu, malaika wa plasta wamepakwa dhahabu, taa kubwa ya vioo inang'aa. Watu wanapiga makofi. Sijawahi kuona mtu ametupia picha ya paa. Mimi kazi yangu ni kukagua majengo ya zamani, na nikiambiwa niangalie sehemu moja tu ndipo niseme jumba litapona au la, nitapanda kwenye lile giza lililo kati ya dari na paa.

Nianze na kisa kinachojulikana. Tarehe 19 Desemba 2013, Apollo Theatre ya London, jengo la mwaka 1901, onyesho linaendelea, watazamaji mamia wameketi. Kipande kikubwa cha dari kikaachia kikawashukia. Zaidi ya watu 70 waliumia, kwa bahati hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulipofika huko juu, kilichokutwa kimechoka ni vitambaa.

Ndiyo, vitambaa. Dari nyingi za thieta za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ni plasta ya jipsamu iliyomiminwa kwenye kalibu, ndani yake wametia gunia na vipande vya mbao ili ishikane. Mfaransa Desachy aliipatia hataza (haki ya mvumbuzi) mbinu hiyo Uingereza mwaka 1856. Ilipendwa kwa sababu ni nyepesi na inafinyangwa karakana, kisha inapandishwa vipande vipande. Sasa jiulize vipande hivyo vinaning'inia kwa nini. Fundi alichukua ukanda wa gunia, akauchovya kwenye plasta mbichi, akauzungushia mbao ya dari na mbao ya paa, akauacha ukauke. Basi. Juu ya ukumbi mmoja kuna mamia ya vifundo vya namna hiyo.

Kifundo kizima ukikigonga kwa ukucha kinalia. Kilichokufa ukikiminya kinasagika, unabaki na unga mweupe na nyuzi za kahawia vidoleni. Wakati huohuo ukitazama kutoka kwenye kiti huoni kitu, labda doa moja la rangi ya chai pembeni ya ua la plasta. Plasta inalowa na kukauka na kubaki na sura yake, gunia lenyewe linaoza. Ndiyo maana dari inaweza kuwa na dhahabu mpya kabisa upande wa chini huku upande wa juu imeshaachiliwa.

Na maji yanaingilia wapi? Paa la thieta si la nyumba ya kawaida. Ukumbi una paa lake, halafu nyuma yake unapanda mnara wa jukwaani, lile jengo refu ambamo mandhari, yaani turubai zilizochorwa za jukwaani, huvutwa juu yasionekane. Pale paa linapogota ukuta wa mnara kuna mfereji. Ukiwa barabarani huuoni, ukiwa ndani huuoni. Njiwa wanazalia humo, manyoya na kinyesi vinaziba tundu la kutolea maji, mvua kubwa ikija maji yanajaa, yanavuka ukingo na kumwagikia ndani, moja kwa moja juu ya vifundo vyetu. Kuusafisha ni kazi ya mtu mwenye ndoo na mwiko mara mbili kwa mwaka, mradi awe na njia salama ya kufika. Majumba mengi hayana hata njia hiyo, na hapo ndipo hadithi yote inapoanzia.

Msimamo wangu: hela ya kwanza iende juu. Paa, mifereji, kidaraja cha kutembelea juu ya dari, na taa ya kumulikia. Dhahabu ije mwisho kabisa. Karibuni mnipinge.

#2 KitiChaNyuma

Nimeweka kigoda. Mods tafadhali msiunganishe na uzi mwingine.

#3 MbishiWaZamu

Mkuu, maelezo yako yamenyooka ila mimi nauliza swali la mtoto. Kama dari imeoza, kuta zina unyevu na nyaya ni za babu, kwa nini tusibomoe tujenge nakala? Zege, chuma, vifaa vya kuzima moto, kila kitu kipya, sura ya zamani. La Fenice, thieta ya opera ya Venice, Italia, si ni nakala? Na watalii wanajazana.

#4 MkaguaDari

@MbishiWaZamu swali zuri, na La Fenice ndiyo inayokujibu.

Ilifunguliwa mwaka 1792, ikaungua 1836, ikajengwa tena. Usiku wa tarehe 29 Januari 1996 ikaungua mara nyingine ikiwa imefungwa kwa ajili ya matengenezo. Baadaye mahakama iliwatia hatiani mafundi umeme wawili: walikuwa wamechelewesha kazi, faini inawakaribia, wakawasha moto. Kibaya zaidi, mifereji ya maji jirani na jengo ilikuwa imekaushwa isafishwe, boti za zimamoto hazikuweza kusogea. Mji ukaamua ijengwe kama ilivyokuwa na palepale ilipokuwa. Ilifunguliwa Desemba 2003. Karibu miaka minane, na bado walihitaji wachongaji, wapaka dhahabu na wafinyanzi wa plasta walewale ambao ungewahitaji kwenye ukarabati. Mapambo mengine ilibidi wayatafute kwenye picha na kwenye filamu iliyopigwa ndani ya ukumbi huo miaka ya 1950. Kwa hiyo nakala haikuondolei kazi ya ufundi. Inakuondolea tu kile cha asili ambacho ungekiiga.

Ona na hii. Gran Teatre del Liceu ya Barcelona iliungua tarehe 31 Januari 1994. Mafundi walikuwa wanachomelea, cheche zikadaka vitambaa vya jukwaani. Walikuwa wanatengeneza nini? Pazia la chuma la kuzuia moto. Ukumbi ulifunguliwa tena 1999.

Ukarabati wenyewe ndio kipindi cha hatari kuliko vyote: vitambua moshi vimezimwa kwa sababu ya vumbi, milango imezibwa na mbao, mtu ana gesi ya kuchomelea. Kwangu hakuna kuchomelea bila kibali cha siku hiyo, na kazi ikiisha mtu anabaki pale zaidi ya saa nzima akinusa na kupapasa mbao. Ningeweza nisingeruhusu moto kabisa. Mabomba mengi siku hizi yanaungwa kwa kubana.

#5 Bi_Pazia

Umegusa idara yangu, kaka. Nimekuwa msimamizi wa jukwaa muda mrefu, niongezee kuhusu hilo pazia, lile linaloshuka kati ya jukwaa na watazamaji moto ukizuka.

Watu wanaliona kama chuma kizito kisicho na kazi. Mwaka 1887 Theatre Royal ya Exeter, Uingereza, iliungua wakafa watu 186. Baada ya hapo pazia la kuzuia moto likaanza kuwa sharti huko. Halafu tarehe 30 Desemba 1903, Iroquois Theatre ya Chicago: watu 602. Jengo lilikuwa jipya, halijafikisha hata miezi miwili tangu lifunguliwe, limetangazwa kuwa haliungui! Pazia lilikuwepo. Liliposhushwa likakwama njiani. Milango nayo mingine ilikuwa imefungwa, mingine ina makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua.

Kwa hiyo kwangu utunzaji maana yake ni pazia linaloshuka, kila wiki, mtu yupo anatazama reli zake zote mbili. Kwa mapazia ya zamani kabisa kuna jambo jingine: mengi yalifumwa kwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu. Usilipige mswaki, usilikate, usilikunje ili "ulihifadhi stoo". Aitwe mtu mwenye leseni ya asbesto. Hivyo hivyo na rangi za kale zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hazipigwi msasa mkavu. Nimewahi kumkuta kijana wa mkandarasi fulani amekaa juu ya ngazi anasugua ukingo wa balkoni bila hata kitambaa puani, vumbi jeupe limemjaa kope. Nilimshusha mwenyewe.

#6 FundiChokaa

Habari za humu. Mimi ni wa kuta, nitasema langu nikae.

Kuta za thieta nyingi za kale ni tofali laini lililojengwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji kidogo na kuyatoa, miaka mia inakwenda. Anakuja mtu anaona lipu imepukutika, anapiga saruji kwa sababu "ni imara". Saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe na haipitishi unyevu vizuri. Maji yanajifungia nyuma yake. Baada ya misimu michache chumvi nyeupe inatoka juu ya kiraka, kisha kiraka kinaanguka kikiwa kimeng'oa na uso wa tofali. Ukiokota kile kipande ukakigeuza, utaona ngozi ya tofali imeganda nyuma yake. Hapo ukuta umepoteza kitu ambacho hakirudi.

Dawa ni chokaa kwa chokaa, tabaka nyembamba, kila moja isubiriwe. Chokaa inakomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, haitaki papara, haitaki kukaushwa kwa hita. Wasimamizi wa miradi hawaipendi kwa sababu ratiba yao haina neno "subiri".

Na rangi za plastiki zinazouzwa kama "hazipitishi maji" kwenye kuta hizi, naomba zibaki dukani.

#7 SikioKali

Naona mmejaa paa na kuta, hakuna aliyetaja sauti. Thieta ni chombo cha kusikilizia jamani! Unaweza kuokoa kila ua la plasta ukaua sauti kwa zulia.

Ukumbi wa kale ulipangwa mbao hapa, plasta pale, kitambaa kidogo. Anakuja mbunifu wa ndani anataka starehe: zulia nene ukumbi mzima, viti vya sponji hadi kisogoni, mapazia kila mlango. Vyote hivyo vinameza sauti, hasa zile za juu, na konsonanti za mwigizaji zinafia safu ya kumi. Halafu wanaleta vipaza sauti kufidia.

La Scala ya Milano ilifungwa 2002 hadi Desemba 2004, na sehemu ya kazi ilikuwa kuondoa zulia na kurudisha sakafu ya mbao. Bolshoi ya Moscow, iliyofungwa 2005 ikafunguliwa 2011, walirudisha mapambo ya papier-mâché (karatasi iliyofinyangwa kwa gundi) na paneli za msonobari, kwa sababu jumba lile mwanzo lilijengwa kwa kufikiria fidla, na zege lililoongezwa baadaye liliharibu mlio wake. Teatro Colón ya Buenos Aires, ukumbi wa 1908 unaosifiwa duniani kwa sauti, ulipofanyiwa kazi hadi 2010 wataalamu wa sauti walikuwa wanapima kazi inavyoendelea, hadi vitambaa vya viti.

Ushauri wangu: pima sauti kabla hujagusa msumari. Ukishatoa viti vya zamani bila kipimo huna tena cha kulinganishia, mtabaki kubishana kwa kumbukumbu za wazee.

#8 MbishiWaZamu

Haya, nimeelewa. Ila hakuna anayezungumzia hela. Paa hela, chokaa hela, mtaalamu wa sauti hela. Mwenye jengo anaona kiwanja katikati ya mji, anataka sehemu ya magari. Mtamwambia nini, habari za malaika wa plasta?

#9 KitiChaNyuma

Hahaha mkuu, Detroit walishafanya vyote viwili. Michigan Theatre ya mwaka 1926, ilipofungwa ikageuzwa maegesho. Haikubomolewa yote kwa sababu imeshikana na jengo la ofisi, kuibomoa kungelitikisa. Unaegesha gari, ukitazama juu unaona dari ya kifalme imening'inia na matao yamekatwa nusu. Natafuta picha niitupie.

#10 MkaguaDari

@MbishiWaZamu hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Mimi naamini jumba linaokolewa na ratiba ya maonyesho kabla ya kuokolewa na mfadhili.

Cleveland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 thieta kadhaa za miaka ya 1920 zilikuwa zimefungwa, nyingine zimepangiwa kubomolewa ziwe maegesho. Mtu mmoja, Ray Shepardson, hakusubiri ukarabati. Alianzisha maonyesho humohumo kwenye uchakavu. Mwaka 1973 wakaweka onyesho dogo la muziki kwenye sebule ya kuingilia ya State Theatre, wakitegemea liende wiki chache. Lilikwenda zaidi ya miaka miwili. Watu wakazoea kurudi mtaa ule usiku, na hapo ndipo hoja ya kubomoa ilipoanza kukosa nguvu. Leo thieta hizo, zinazoitwa Playhouse Square, ni kati ya vituo vikubwa vya sanaa za jukwaani nchini humo.

Sasa linganisha na Uptown ya Chicago, jumba la 1925 lenye viti zaidi ya 4,000. Lilifungwa Desemba 1981, likaachwa bila joto kwenye baridi kali, mabomba yakaganda na kupasuka, maji yakatiririka ndani. Msimu mmoja wa kuachwa ulifanya uharibifu ambao miongo ya matumizi haikuufanya. Kings Theatre ya Brooklyn nayo ilifungwa 1977, ikakaa na paa linalovuja, na kuifungua tena mwaka 2015 kuligharimu kama dola milioni 95. Sehemu kubwa ya bili za namna hii ni malipo ya miaka ambayo hakuna mtu aliyepanda juu.

Mwenye jengo simwambii habari za malaika. Namwambia akiliziba paa leo na kuacha hewa ipite, atakuwa na kitu cha kuuza au kukodisha miaka mitano ijayo. Asipoziba atakuwa na kiwanja chenye gharama ya kubomoa.

#11 KitiChaNyuma

Mimi nina jambo la uchokozi. Lazima kila kitu kirudi kung'aa? Wilton's ya London, ukumbi wa muziki wa 1859, waliimarisha jengo wakaacha kuta na makovu yake, kazi ikaisha 2015. Bouffes du Nord ya Paris, mwongozaji wa maigizo Peter Brook aliingia 1974 akauacha uchakavu ukutani. Thieta ya Alexandra Palace, ya London pia, ya 1875, ilifunguliwa tena 2018 na plasta yake iliyobanduka. Kwangu hizo ndizo zenye roho. Zile za dhahabu mpya zinanikumbusha hoteli.

#12 FundiChokaa

Kijana, hapo unanigusa. Kuacha ukuta na makovu si kuuacha. Kila kipande cha rangi kinachoning'inia kimegandishwa kimoja kimoja kisimwangukie mtu. Ni ghali, pengine kuliko kupaka upya. Na ndani ya vumbi hilo la kupendeza kuna nyaya mpya, bomba za kuzimia moto, vyuma vimefichwa. Wakikuonyesha picha wanakuonyesha ukuta tu.

#13 Bi_Pazia

Naunga mkono FundiChokaa. Halafu mimi naona inategemea jumba limechakaa vipi. Kama rangi ya kwanza bado inaonekana chini ya tabaka sita za baadaye, ina haki yake. Kama kilichobaki ni kiraka cha miaka ya 1970 cha mtu aliyekosa bajeti, kwa nini tukiabudu?

#14 KambaNaRoda

Nimechelewa, naona jukwaa lenyewe limesahaulika. Mimi ni wa huko juu, kamba na roda.

Mnaoweza, someni habari za Drottningholm, Sweden. Thieta ya kasri, ya mwaka 1766. Mfalme Gustav III alipouawa 1792 ikalala. Mwaka 1921 mtafiti Agne Beijer akaingia akitafuta mchoro, akakuta mandhari ya karne ya 18 na mitambo ya mbao bado ipo: magurudumu, ngoma za kamba, mashine ya mawimbi. Wakabadilisha kamba, wakaweka umeme mahali pa mishumaa, 1922 onyesho likafanyika. Jambo la kushangaza ni kwamba mashine ile ukiizungusha leo, mandhari yote yanabadilika kwa sekunde chache mbele ya macho yako. Ilipona kwa sababu hakuna aliyekuwa na hela ya kuiboresha, lol.

Hatari ninayoiona kwenye thieta za baadaye kidogo ni mizigo. Paa la mbao lililopigiwa hesabu ya turubai zilizochorwa leo linabebeshwa taa, spika, vyuma vya kushikia na injini za kuvutia. Kikundi kinakuja usiku mmoja, kinafunga vitu vyake, kinaondoka. Nani ameandika tani ngapi? Mhandisi wa miundo apige hesabu kenchi kwa kenchi (zile fremu zinazobeba paa), na kibao cha mzigo wa mwisho kibandikwe pale mfungaji anaposimama.

#15 MwenyeMagongo

Nasoma kimya tangu jana, niseme na mimi. Hizi thieta mnazozisifu zilijengwa kwa kubagua. Galari ya juu ilikuwa na mlango wake wa uchochoroni ili watu wa tiketi za bei rahisi wasikutane na matajiri kwenye ngazi kuu. Sasa mtu wa magongo kama mimi naambiwa "samahani, ngazi zinalindwa kisheria, hatuwezi kuweka lifti". Ukumbi mmoja walinipitishia kwenye mlango wa mizigo, karibu na mapipa ya taka. Vyoo vya wanawake viwili kwa watu mia sita. Hiyo nayo ni urithi?

#16 MkaguaDari

@MwenyeMagongo hoja yako ina uzito na wengi wanajificha nyuma ya sheria. Sheria za uhifadhi mara nyingi zinalinda kile chenye thamani, na si kila ukuta wa uchochoroni una thamani hiyo. Njia inayofanya kazi ni kununua au kukodi jengo la jirani, kulitoboa, na kuweka humo lifti, vyoo na mlango ulio sawa na ardhi kwa watu wote. Liceu walipojenga upya walijitanua kwenye viwanja vya majirani. Mlango wa mizigo kwa mtazamaji ni uvivu, hauna jina lingine.

#17 MgeniHodi

Hodi wakuu. Kamati yetu imekabidhiwa funguo za thieta iliyofungwa miaka mingi. Hela bado hatuna. Tuanzie wapi?

#18 MkaguaDari

Karibu sana. Usiingie peke yako, usikanyage dari, kanyaga mbao kuu tu, na kofia ngumu kichwani. Umeme ukatwe kwanza na fundi. Siku ya mvua ndiyo siku nzuri ya kwenda: fuata maji kwa tochi, weka alama kila yanapotokea. Safisha mifereji na matundu, funika pale palipotoboka kwa turubai lililobanwa vizuri, fungua madirisha ya juu hewa ipite. Piga picha kila kitu, hata kipande cha plasta kilichoanguka. Kiokote, kipe namba, kiweke kwenye kreti kavu. Kipande kimoja kizima kinatosha kutengenezea kalibu ya ukingo mzima. Na usiwashe hita kubwa ghafla kukausha, mbao zitasinyaa na dhahabu itabanduka.

#19 FundiChokaa

Na mtu akijitolea kukuletea mifuko ya saruji bure, mshukuru uipeleke kwenye uzio.

#20 MgeniHodi

Asanteni. Huko juu kumejaa njiwa. Tuwafukuze na kuziba leo hii?

#21 Bi_Pazia

Ngoja jioni kwanza mtazame kama kuna popo pia. Nchi nyingi popo wanalindwa kisheria, ukiwazibia tundu lao una kesi. Kama ni njiwa peke yao, subirini makinda yaruke, ndipo mzibe kwa wavu. Kinyesi kilowesheni maji kabla ya kukizoa, na barakoa ziwe nzuri, zile za kitambaa hazifai.